Kwarteti za piano Hamburg: nani aliyeizamisha viola ya Brahms?

KambaYaNne (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Juzi jioni nilihudhuria tamasha la muziki wa kikundi kidogo hapa Hamburg ninakoishi, na nikarudi nyumbani na furaha nusu, kinyongo nusu. Nimeona ni heri niufungue uzi huu kuliko kulala na jambo hili moyoni.

Jukwaani walikuwa watu wanne: mpiga piano, mpiga fidla, mpiga viola (fidla kubwa kidogo, ya sauti ya chini zaidi) na mpiga chelo. Kundi la namna hiyo ndilo linaloitwa kwarteti ya piano, wala si piano nne zilizopangwa safu moja kama alivyodhani jirani yangu nilipomwambia ninakokwenda. Zilipigwa kazi tatu za zama ambazo wahakiki wetu wa fasihi huziita za Ulimbwende: kipande kimoja cha Gustav Mahler cha mwaka 1876, kisha kwarteti ya Robert Schumann ya E-flati meja, Op. 47 (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi), ya mwaka 1842, na baada ya mapumziko kwarteti ya kwanza ya Johannes Brahms ya G maina, Op. 25. Nasema meja na maina, aina mbili za funguo za muziki, kama tulivyozoea kwenye kwaya. Anayependa majina mengine asinikasirikie.

Ya Mahler ninayapita upesi. Alikuwa mwanafunzi wa muziki Vienna, hajatimiza hata miaka kumi na saba, na sehemu iliyotufikia ikiwa kamili ni moja tu. Inaanza kwa piano kunguruma chini, noti tatu tatu, kana kwamba kuna mtu anayetembea usiku huku akihofia kuwaamsha wenye nyumba, na karibu na mwisho fidla inaachiwa peke yake kwa kitambo kifupi na kulia kwa uchungu ambao kijana wa umri ule sijui aliutoa wapi. Ni kazi ya mwanafunzi, lakini mwanafunzi ambaye mwalimu wake angepaswa kukaa macho.

Schumann ndiye aliyenimaliza. Mwaka 1842 alikuwa kama mtu aliyefunguliwa bomba: kwarteti tatu za kamba, kisha kwinteti ya piano, ya watu watano, na wiki chache baadaye kwarteti hii, katika ufunguo ule ule wa kwinteti. Sehemu ya pili, Scherzo, inakimbia kimya kimya, chelo na piano zikifukuzana chini kama panya darini. Halafu inakuja ya tatu, Andante cantabile (mwendo wa taratibu, kama wa kuimba), ambapo chelo inachukua wimbo ambao, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa nyimbo nzuri kabisa zilizowahi kukabidhiwa ala hiyo. Wimbo huo unapita kwa kila mmoja, na unapofika kwa viola, fidla inauzungushia mapambo membamba juu yake bila kuugusa.

Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, nikaona jambo ambalo kwenye rekodi halionekani. Karibu na mwisho wa sehemu hiyo, wakati wenzake wanaendelea, mpiga chelo aliuacha upinde, akashika kigingi na kuilegeza kamba yake nene kuliko zote, ile ya C, ikashuka hadi B-flati. Schumann mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo katika karatasi za noti, kwa sababu alitaka ile B-flati ya chini kabisa ishikiliwe mwishoni kama sakafu ambayo wengine wanasimama juu yake, na chelo ya kawaida haina noti hiyo. Juu ya sakafu hiyo wanaanza kunong'ona noti tatu ambazo mtu hajui ni za nini, mpaka sehemu ya mwisho inapolipuka na kumbe ndizo zinazoufungua mlango. Nilikuwa ninaijua habari ya kamba hiyo kwa kusoma; kuuona mkono wa mtu ukiifanya, katikati ya muziki laini kiasi kile, ni habari nyingine.

Sasa kinyongo. Brahms alizaliwa katika mji huu mwaka 1833, na kwarteti hii ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza hapa hapa tarehe 16 Novemba 1861, Clara Schumann, mjane wa Robert, akiwa kwenye piano. Nilikwenda nikitarajia karamu. Katika sehemu ya kwanza niliuona upinde wa viola ukienda na kurudi, uso wa mpigaji ukionyesha kwamba anasema jambo zito, lakini sauti yake haikunifikia. Kila piano ilipopanda, viola ilizama, chelo ikabaki kichwa tu juu ya maji. Intermezzo, yaani sehemu ya pili, ndiyo iliyookoka, kwa kuwa hapo fidla imewekewa kizibo cha sauti, chelo inadunda noti moja kwa unyenyekevu, na mpiga piano naye alijua kujishusha. Rondo ya mwisho, ile ya mtindo wa Wagipsi wa Hungaria, ilimalizika watu wakiwa wamesimama; nami nilisimama, nikapiga makofi, lakini niliyapigia mbio zile zaidi ya muziki.

Najua kwamba si mimi wa kwanza kulalamika. Mtunzi Arnold Schoenberg aliiandikia kwarteti hii okestra kamili mwaka 1937, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kwamba kadiri mpiga piano anavyokuwa bora ndivyo anavyopiga kwa nguvu zaidi, kamba zisisikike, naye alitaka kwa mara moja asikie kila kitu. Swali langu kwenu ni hili: lawama ni ya nani? Ni Brahms aliyeandika mzigo mkubwa kupita kiasi, ni piano yenyewe, ni ukumbi, au ni mpigaji?

MwalimuWaKwaya

Nimesoma kwa furaha, ingawa mimi ni mtu wa kwaya na kinanda cha kanisani hapa Moshi, na muziki huu ninausikia redioni na kwenye simu tu. Hata hivyo tatizo lako ninalijua kwa jina. Ninapokuwa na sauti nne, sauti ya kwanza hujisikia yenyewe na besi hubebwa na miili ya wenye nayo, lakini sauti ya pili ndiyo inayomezwa kila mpiga kinanda anapoongeza stopu (vishikizo vya kufungulia sauti zaidi). Kwa jinsi ulivyoeleza, naona viola ndiyo sauti ya pili ya kundi hili. Je, nimeelewa sawasawa? Tena naomba unifafanulie jambo moja: kwarteti ya kamba ninayoifahamu mimi ina fidla mbili, viola na chelo. Mtunzi alipoileta piano, kwa nini alimfukuza mpiga fidla wa pili? Kama angebaki, huenda sauti za katikati zingekuwa na mwenzi wa kuzisaidia.

KambaYaNne

Shikamoo Mwalimu. Umeelewa sawasawa kabisa. Viola ina kamba za C, G, D na A, sawa na za chelo ila oktavu moja juu, na mwili wake ni mdogo kuliko unavyostahili kwa sauti nzito namna hiyo. Ndiyo maana sauti yake ni ya kifuani, ina ukungu kidogo, na haichomi kama ya fidla.

Fidla ya pili inapobaki, tunapata kwinteti, na Schumann aliiandika mwaka ule ule. Tofauti unaisikia mara moja: katika kwinteti kamba nne ni kambi kamili inayoweza kukabiliana na piano ana kwa ana, na kazi yenyewe inavuma kama okestra ndogo. Katika kwarteti kamba ni tatu, kila moja ya aina yake, hakuna anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake, na viola inakuwa mtu mzima mwenye maneno yake.

Aliyeipa sura hii hadhi ni Mozart, kwa kwarteti ya G maina ya mwaka 1785. Inasimuliwa kwamba mchapishaji wake, Hoffmeister, alikuwa ameagiza tatu, lakini wanunuzi wakaiona ya kwanza kuwa ngumu mno kwao, naye akamwomba Mozart waachane na mkataba. Mozart aliandika ya pili hata hivyo. Ukumbuke kwamba wanunuzi hao walikuwa watu wa sebuleni, mabinti na wajomba waliopiga wenyewe baada ya chakula cha jioni. Felix Mendelssohn naye aliingia katika uchapishaji kwa mlango huo: Op. 1, Op. 2 na Op. 3 zake zote ni kwarteti za piano, ya kwanza akiwa mtoto wa miaka kumi na tatu, na ya tatu aliitunuku kwa mshairi Goethe. Kwa hiyo muziki huu ulizaliwa katika chumba chenye mazulia na mapazia, na sisi tumeuhamishia kumbini.

FundiVinanda

Mimi kazi yangu ni kutengeneza na kulainisha piano, kwa hiyo naomba nimtetee mpiga piano wa watu, kisha nimshitaki shahidi ambaye hamjamwita.

Piano kubwa ya tamasha ya leo ina fremu ya chuma cha kusubu, na mvuto wa kamba zake zote kwa pamoja hukaribia tani ishirini. Piano aliyokuwa nayo Schumann nyumbani ilitengenezwa na Conrad Graf wa Vienna, mwaka 1839, fremu yake ikiwa ya mbao. Graf alimzawadia Clara wakati wa arusi yake mwaka 1840, na baada ya Schumann kufariki ikaenda kwa Brahms. Brahms mwenyewe, katika miaka ya baadaye kule Vienna, alipigia nyumbani piano ya Streicher ya mwaka 1868. Vichwa vya nyundo za piano hizo vilivikwa ngozi, noti ilianza kwa ncha safi kama mtu anayetamka konsonanti vizuri, kisha ikafifia upesi na kuacha nafasi kwa wengine.

Jambo kubwa zaidi ni mpangilio wa kamba. Katika piano za leo kamba za besi hupita juu ya nyingine kwa mshazari, utaratibu ambao Steinway waliupatia hataza kwa piano kubwa mwaka 1859. Unaleta sauti nene, iliyochanganyika, inayojaa ukumbi mkubwa. Katika Streicher ya Brahms kamba zote zililala sambamba, kila sehemu ya piano ikawa na rangi yake, na besi ilibaki wazi. Sasa mtazame Brahms anavyoandika mkono wa kushoto: vishindo vinene, noti tatu au nne zimebanana chini kabisa, mahali pale pale ambapo chelo na viola wanatafuta riziki. Kwenye piano yake mtu aliweza kuhesabu kila noti katika kishindo hicho. Kwenye ya leo zinageuka uji, na uji huo ndio uliomziba mpiga viola wako.

Najua mtasema kifuniko kingefungwa. Nimeombwa kukifunga mara nyingi, na kila mara nimejuta. Ukishusha kifuniko, unapunguza ung'avu kuliko unavyopunguza uzito, na piano inasikika kama imefunikwa blanketi huku uji ukibaki pale pale. Mimi ninashauri kiachwe wazi, mpigaji apunguze mguu kwenye pedali, na noti za chini za mkono wa kushoto azipige kama mtu anayemnong'oneza mwenzake msibani. Mnaona kwamba mwisho nimemrudia mpigaji yule yule niliyeahidi kumtetea, mnisamehe.

Rondo_Presto

Mnaiharibia Brahms sherehe yake. Rondo ile ni ngoma. Mpiga fidla Joachim, ambaye alizaliwa katika nchi ya Wahungaria na ndiye rafiki wa Brahms aliyeujua mtindo huo kuliko wengine, alikiri kwamba amepigwa kwenye uwanja wake mwenyewe. Hebu hesabuni: wimbo wake unakwenda kwa mafungu ya mizani tatu tatu wakati mwili unasubiri nne, ndiyo maana mtu anajikuta anasukumwa mbele asipate kupumua. Nani aendaye ngomani kutafuta viola?

FidlaMalindi

Ndugu Rondo, anayetafuta viola ngomani ni yule aliyeipiga. Nami ni mmoja wao, ingawa fidla ndiyo ala yangu ya kwanza, niliyoianzia kwenye taarab asilia hapa Unguja.

Mchango wangu ni juu ya usawa wa sauti, kwa maana ya urekebishaji. Fidla, viola na chelo zinapokuwa peke yake, vidole havina alama za kuvizuia. Mpigaji anaisogeza noti kidogo juu au chini mpaka ioane na za wenzake, na zinapooana barabara, sauti inakua yenyewe bila mtu kuongeza nguvu. Piano haina uhuru huo. Imesharekebishwa tangu mchana, oktavu imegawanywa sehemu kumi na mbili zilizo sawa, na hakuna anayeweza kuibembeleza. Katika taarab jambo hili tunalijua vizuri, kwa sababu maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu) yenye robo ya sauti hayapigiki kwenye piano hata ukiisihi. Katika kwarteti ya piano, kwa hiyo, watu watatu wanapaswa kumfuata mmoja asiyeweza kusogea. Viola ikikosea kwa unywele tu, inapoteza ule mng'ao wa kuoana na hapo hapo inazama, hata kama piano haikupiga kwa nguvu. Sisemi kwamba mpiga viola wa Hamburg alikosea, maana sikuwepo. Nasema lawama isiishie kwenye piano.

Nina swali kwa mwanzisha uzi: huyo mpiga viola alikaa wapi?

Msikilizaji_Lyon

Ninatokea Bukavu na ninaishi Lyon, na nimeshangaa kwamba hadi sasa hakuna aliyemtaja Gabriel Fauré, ambaye kwa maoni yangu ameshalijibu swali hili miaka mingi iliyopita. Kwarteti yake ya kwanza, C maina, Op. 15, ilipigwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 14 Februari 1880, yeye mwenyewe akiwa kwenye piano, ingawa sehemu ya mwisho tunayoisikia leo aliiandika upya mwaka 1883.

Sikilizeni mwanzo wake. Kamba tatu zinaimba wimbo mmoja kwa pamoja, sauti moja iliyonenepa, huku piano ikijibu kwa vishindo vinavyoangukia nje ya pigo. Hakuna anayemkanyaga mwenzake kwa sababu hawakai mahali pamoja kwa wakati mmoja. Katika Scherzo kamba zinadonolewa kwa vidole, na juu ya madonoo hayo piano inatiririsha wimbo mwepesi kama maji juu ya kokoto. Hata katika kwarteti ya pili, ya G maina, ambayo ni kali zaidi, kamba zinaanza tena kwa umoja juu ya piano inayochemka. Fauré anaipa piano noti nyingi sana, pengine kumzidi Brahms, lakini ni noti zinazopita. Za Brahms zinasimama.

Hata hivyo sitaki Brahms ahukumiwe kwa kazi moja. Katika kwarteti ya pili, Op. 26, sehemu ya taratibu inaanza kamba zote zikiwa na vizibo vya sauti, na piano inaimba katikati yao kwa upole mkubwa. Na ya tatu, ya C maina, Op. 60, aliyoianza akiwa kijana katika miaka ya 1850 na kuikamilisha mwaka 1875, ina Andante ambayo chelo inaianza kwa wimbo mrefu, piano ikitoa vishindo laini tu vya kumshika mkono. Ni kazi ambayo alimwambia mchapishaji wake aweke kwenye jalada picha ya mtu aliyejielekezea bastola kichwani, kwa kumkumbuka Werther, kijana aliyejiua katika riwaya ya Goethe. Mtu aliyeandika Andante ile alijua fika kupisha. Katika Op. 25, naamini, hakutaka kupisha: piano inaufungua muziki peke yake kwa oktavu tupu, kama anayetangaza shauri la ukoo, na kamba zinakuja kubishana na jambo lililokwisha kutangazwa. Ubishi huo ukipigwa kwa adabu mno, kazi inakufa.

KambaYaNne

Nimesoma yote mara mbili. Nianze na swali la ndugu FidlaMalindi, kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi. Mpiga fidla alikaa kushoto, chelo katikati, na viola kulia kabisa, ukingoni. Maana yake ni kwamba matundu ya sauti ya viola yalielekea nyuma ya jukwaa, kwenye piano, wakati ya fidla yalitukabili sisi. Nilikuwa na jawabu mbele ya macho yangu usiku mzima, nisilione.

Lakini haliishii hapo, kwa kuwa mpangilio ulikuwa ule ule wakati wa Schumann, na pale viola niliisikia mpaka pumzi ya upinde. Kwa hiyo ninamrudia fundi: Schumann anapompa viola wimbo, chelo inanyamaza, fidla inazunguka juu, na piano inashika mapigo mepesi. Njia imefagiliwa. Brahms hamfagilii mtu njia, na hoja ya dada wa Lyon kwamba hakukusudia kufagia inaniingia, ingawa hainifariji. Ninachokataa ni kwamba ubishi unahitaji mmoja wa wabishi asisikike. Katika baraza anayezima sauti za wenzake hajashinda shauri, amelivunja baraza.

Ndugu Rondo, ile habari ya mizani tatu tatu nimeijaribu kwa kupiga meza, na mke wangu amenisihi niache.

Wanamuziki hao hao watarudi majira ya kuchipua na Op. 60. Nimeshanunua tiketi, safari hii roshani ya nyuma upande wa kushoto, ambako natumaini sauti ya viola itanifikia. Fundi, kabla ya siku hiyo naomba uniambie jambo moja: kule juu, nyuma, ule uji wa besi hupungua au huzidi?

FundiVinanda

Besi huzidi, hasa kama roshani ina dari ya chini. Ungeniuliza kabla ya kulipa.

MwalimuWaKwaya

Nenda hivyo hivyo, mwanangu. Ile Andante ya chelo nimeitafuta jana usiku nikaisikiliza kwa simu, na leo kwenye mazoezi nimemwambia mpiga kinanda wetu afunge stopu mbili katika ubeti wa pili. Sauti ya pili wameshangaa kujisikia, wawili wakaacha kuimba ili wasikilize, nikalazimika kuanza upya.